Nundu za Namna Mbili, Maradhi Mamoja

Mbweni, kusini ya mji wa Zanzibar, katika karne ya 19 ilijulikana kuwa makao ya watu waliotolewa utumwani. Siku hizi inajulikana pia kwa skuli ya afya ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanakosomeshwa wauguzi na matabibu. Wengi wao, wamalizapo masomo, ndio wampokeao mgonjwa kwanza katika vituo vya mashamba. Kwa hiyo yafaa tuzungumze juu ya maradhi ambayo huenda mmoja wao akayaona mara moja tu maishani.

Nayo ni maradhi ya Maffucci, yaliyopewa jina la daktari wa Kiitalia, Angelo Maffucci, aliyeyaeleza mwaka 1881. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke wa miaka 40, aliyefariki baada ya kukatwa mkono. Tangu hapo wagonjwa walioandikwa katika vitabu vya utabibu duniani kote ni mia chache tu.

Aghalabu mtoto huzaliwa mzima. Kisha, kabla ya kubaleghe, vidole huanza kufanya nundu ngumu. Hiyo ni gegedu iliyosalia ndani ya mfupa pahala ilipopasa kugeuka mfupa. Mfupa huwa dhaifu, huvunjika kwa jambo dogo, na pengine mguu mmoja huwa mfupi kuliko mwenziwe. Hutokea pia nundu laini za rangi ya samawati, zinazobonyea kwa kidole. Hizo ni za mishipa ya damu.

Hapo ndipo watu hukosea. Mmoja hutazama mfupa, akasema ni gegedu tu. Mwingine hutazama ngozi, akakata nundu moja na kumruhusu mgonjwa aende zake. Kila mmoja amesema nusu ya kweli. Na nusu hiyo haitoshi, kwani nundu za mifupa zaweza kugeuka saratani, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye namna zote mbili.

Kuyatambua si kazi ya mitambo mikubwa. Mgonjwa na atazamwe mwili mzima, viungo vya kulia vilinganishwe na vya kushoto, kisha apigwe picha ya eksirei. Pengine katika picha huonekana vijiwe vidogo vya duara nje ya mfupa: ni damu iliyoganda mishipani ikawa chokaa. Vijiwe hivyo humzindua daktari. Hapo apelekwe Hospitali ya Mnazi Mmoja, au kwa mabingwa wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Mwaka 2011 wataalamu walieleza kwamba katika nundu za wengi wa wagonjwa hawa mna kasoro ya jeni ziitwazo IDH1 na IDH2. Kasoro hiyo huzuka katika baadhi ya chembe za mwili. Mtoto hairithi kwa wazee wake. Basi si uchawi, si ukoma, wala si kosa la mama.

Dawa ya kuyaondoa haijapatikana; lililopo ni kutibu panapodhuru na kumwangalia mgonjwa maisha yote. Nundu ikianza kuuma bila sababu, au ikikua upesi kwa mtu mzima, asingoje. Na mzazi amfichaye mtoto ndani kwa aibu, ajue kwamba anamnyima jicho la kumtambua.