Bao la Mti na Bao la Kioo

Kompyuta zenye programu ya Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, zilipoenea katika ofisi zetu, watumishi wengi walipata kuujua mchezo mmoja wa kigeni uliokuwamo ndani yake. Gololi ya chuma ilirukaruka katika meza yenye mteremko, na mchezaji aliizuia isitumbukie kwa kubonyeza vitufe. Mchezo huo ni pinboli. Aghalabu waliocheza hawakupata hata siku moja kuiona mashine yenyewe, ile ya mbao, chuma na kioo, isimamayo juu ya miguu minne, ambayo mchezaji huisukuma kwa viganja ili kuielekeza gololi, na ambayo ikitikiswa kupita kiasi humkatia mchezo wake. Sisi tulipokea nakala, asili hatukuijua. Wala hatukupungukiwa na kitu, kwa kuwa asili ile haikuwa yetu.

Leo jambo hilohilo linaelekea kutufika kwa upande wa pili. Liko bao letu, ambalo asili yake tunayo mikononi, na iko nakala yake katika simu. Swali lililo mbele yetu sisi watu wa Mwambao, tangu Bagamoyo hadi Tanga, na wenzetu wa Unguja, Pemba na Mafia, ni hili: je, watoto wetu watalijua bao kama sisi tulivyoijua pinboli, yaani kwa sura tu?

Kabla ya kujibu, yafaa tukumbuke kwamba wenye mamlaka wamepata kukosea katika kuzipima mashine za michezo. Mwaka 1942 mji wa New York uliipiga marufuku pinboli kwa hoja kwamba ni kamari, na meya wake, Fiorello La Guardia, akaamuru mashine zivunjwe kwa nyundo. Wakati huo hoja yake ilikuwa na nguvu, kwani zile mbawa mbili za kuipigia gololi zilikuwa hazijabuniwa. Zilitokea mwaka 1947. Baada ya hapo mkono wa mchezaji ulipata kauli, lakini amri ilibaki vilevile hadi mwaka 1976, pale kijana mmoja, Roger Sharpe, alipocheza mbele ya madiwani wa mji, akataja kwanza gololi itapita wapi, nayo ikapita hapohapo. Ndipo marufuku ikaondolewa. Funzo lake ni kwamba mchezo huhukumiwa kwa kutazama kazi ya mkono na akili ya mchezaji. Sanduku lililobeba mchezo halitoshi kuwa ushahidi.

Kwa kipimo hicho, bao halina mshitaka. Hamna dadu ndani yake, hamna karata iliyofichwa, wala bahati nasibu. Kila kitu ki wazi mbele ya macho ya wote. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, jumla thelathini na mbili, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 32: kumi huzipanga ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 hubaki mkononi za kunamua moja moja. Zikiisha hizo, mchezo huingia katika mtaji. Na tofauti na michezo mingi ya dunia, kete iliyoliwa haitupwi nje. Huingizwa upande wa mlaji, ikatumika huko, na pengine ikarudi kwa mwenyewe baada ya mikono miwili mitatu. Kete zote 64 humo ubaoni hadi mtu afungwe.

Sasa tutazame simu inafanya nini. Kwanza, katika kila shimo simu huandika tarakimu. Mchezaji wa bao la mti hana tarakimu. Anazo kete za komwe, zilizokusanywa katika vichaka vya miiba vya pwani, zenye uzito na mlio wake. Huchota shimo zima, na kabla hajaanza kutembeza, kiganja chake kimekwisha mwambia ni ngapi. Pili, simu humtembezea. Mchezaji hugusa shimo moja, na kete hujigawa zenyewe kutoka shimo hadi shimo mpaka zilale. Katika bao la mti, mwendo ule ni kazi ya mtu, naye hupaswa kuuona mwisho wake kichwani kabla ya kuuanza. Tatu, simu haimruhusu mtu kukosea. Ukigusa shimo lisilo halali hunyamaza tu. Barazani, kosa hubainishwa na mpinzani au na wazee waliokaa pembeni, nalo huzaa hoja, na hoja huzaa elimu ya kanuni.

Hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Kanuni za bao ni nyingi na ngumu: lini mtu ale na lini atakate, lini nyumba ilale na lini isafiri, ni shimo lipi limetakasiwa. Ujuzi huo umedumu vizazi na vizazi bila daftari, kwa sababu kila ubao ulikuwa na watazamaji, na kila mtazamaji kijana alikuwa mwanafunzi. Anayecheza peke yake kitandani ameupata mchezo, lakini darasa limemkosa.

Hata hivyo haki inatutaka tuutaje wema wa simu pia. Simu ni mwalimu asiyechoka. Kijana wa Kizanzibari aliyeko Maskati, au wa Bagamoyo aliyeko London, ambaye hana wa kucheza naye, aweza kukaa na mpinzani aliye mbali naye maelfu ya maili. Simu yaweza kuhifadhi mkono mmoja mmoja wa mchezo wa fundi, ili atakayezaliwa baadaye ausome. Na tuseme kweli, mafundi wangapi wamezikwa na michezo yao yote! Wataalamu wa nje wamekwisha kuona thamani hiyo. Mwaka 1995 Alexander de Voogt alitoa kitabu huko Leiden, Uholanzi, juu ya ufundi wa wachezaji wa bao, baada ya kukaa na mafundi wa Zanzibar. Mwaka 2002 wataalamu wengine wa Uholanzi, wa mji wa Maastricht, waliandika juu ya kuifundisha kompyuta kucheza bao. Wageni wamelichukua bao kuwa elimu, nasi wenyeji tungali tunaliita la kupotezea wakati.

Lakini iko hatari moja ambayo yawataka viongozi wetu waamke. Kijana akitafuta mchezo wa namna hii katika simu, mara nyingi kitakachotokea mbele ni mchezo uitwao Kalah, wenye safu mbili za mashimo sita sita na ghala mbili za kuwekea kete zilizoliwa. Mchezo huo ulibuniwa na Mmarekani, William Julius Champion, mwaka 1940. Si mchezo mbaya, na mbunifu wake hana kosa. Kosa linaanza pale kijana wa pwani anapoamini kwamba hilo ndilo bao la babu zake. Hapo nakala haikuiga asili, bali imekaa mahali pake. Namua hana, nyumba hana, kutakata hana. Amebakiwa na jina.

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye naye alijulikana kuwa mpenzi wa bao, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, akaeleza kwamba ubaya mkubwa wa ukoloni ulikuwa kutufanya tuamini kuwa hatuna utamaduni wetu. Leo hakuna mkoloni wa kumlaumu. Simu tunanunua wenyewe, na watoto tunawapa wenyewe.

Yapasa basi yatendeke mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu. La kwanza, kanuni za bao la Kiswahili ziandikwe kwa Kiswahili safi kutoka vinywani mwa mafundi walio hai, wa Bara na wa Visiwani, na tofauti zao zitajwe badala ya kufutwa. Vijana wetu wanaotengeneza programu wapewe maandishi hayo, ili bao la simu liwe bao kweli. La pili, halmashauri zinunue mbao za bao kwa ajili ya shule. Mafundi wa kuchonga wapo, mninga na komwe zipo, na fedha hiyo itabaki mjini. Hapa Bagamoyo tunayo TaSUBa, iliyotokana na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Mahali panapofundishwa ngoma na uchongaji hapashindwi kufundisha bao. La tatu, maofisa wa mipango miji wanapopima viwanja na kupanua barabara, wakumbuke kwamba baraza na kivuli cha mwembe ni mahali pa kazi ya utamaduni. Bao likikosa pa kuwekwa, litahamia mfukoni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Simu ni mgeni. Imekwisha kuingia, nasi hatuna haja ya kuifukuza kwa nyundo kama walivyofanya New York. Tuipokee, tuipe kazi ya kuhifadhi na ya kuwaunganisha walio mbali. Lakini anayetaka kumjua fundi bado itampasa akae mkekani, achote kete, aambiwe na mzee kuwa amekosea, na arudie.