Kutoka Kolwezi hadi Akita: mwanafunzi katika nchi iliyofunga migodi yake

Kubadilishana wanafunzi, kwa maana yake halisi, ni makubaliano kati ya vyuo vikuu viwili ambavyo kila kimoja humpokea mwanafunzi wa mwenzake kwa muhula au mwaka mzima bila kumtoza karo, kisha mwanafunzi huyo hurejea kwao kumalizia shahada yake. Kwa kijana wa Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, mlango huo ni mwembamba, na anayetaka kufika Japani hutegemea zaidi ufadhili wa serikali ya nchi hiyo. Ufadhili wa Wizara ya Elimu, uitwao Monbukagakusho, ulianza mwaka 1954. Mwaka 2014 ulianza pia Mpango wa ABE, uliotangazwa Yokohama mwaka mmoja kabla katika mkutano wa tano wa TICAD, yaani mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, nao huwapa vijana wa Kiafrika shahada ya uzamili pamoja na mafunzo ya kazi katika kampuni za Kijapani. Mpango wa tatu, ulioanza mwaka huohuo wa 2014, huwasomesha wataalamu wa madini kutoka nchi zenye rasilimali, nao umepewa jina la Kizuna, neno lenye maana ya kifungo kinachowaunganisha watu. Jina ni zuri, lakini hesabu iliyo nyuma yake haifichwi: Japani huagiza nje takriban madini yake yote ya metali, na ni busara kwake kufahamiana mapema na watakaosimamia migodi ya kesho.

Mtihani wa kwanza wa mwanafunzi huyo ni lugha, tena si moja. Nyumbani na sokoni amezoea Kiswahili, elimu yake hadi chuo kikuu ameipata kwa Kifaransa, na sasa anatakiwa kuandika tasnifu kwa Kiingereza, kwa sababu programu nyingi za uzamili zinazopokea wageni hufundishwa kwa lugha hiyo, ilhali dukani, zahanatini na katika ofisi ya mji mambo hayaendi bila Kijapani. Hapo ndipo Kiswahili, ambacho hakuna aliyekitaja katika fomu za maombi, humsaidia bila kutarajiwa. Kijapani kina irabu tano zilezile, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili hutamka jina la mtaa au la profesa bila kuumauma ulimi. Hata namna ya kupokea maneno ya kigeni inafanana: basi ni basu, shati ni shatsu, hoteli ni hoteru. Faraja hiyo hukoma kwenye maandishi, kwani baada ya herufi 46 za hiragana na nyingine 46 za katakana hufuata kanji, alama zenye asili ya Kichina, ambazo orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136.

Njia kati ya Katanga na Japani ilishawahi kupitwa kwa upande wa pili. Mwaka 1967 kampuni ya Nippon Mining ilipata kibali cha kuchimba shaba kusini mwa Katanga, na mwaka 1972 mgodi wa Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia, ukaanza uzalishaji chini ya kampuni iliyokuja kujulikana kama Sodimiza. Makinikia, yaani unga wa mawe ya shaba uliokwisha kuchujwa lakini haujayeyushwa, yalisafirishwa hadi Japani ili yakayeyushwe huko. Wajapani hao waliondoka mwaka 1983, mwaka uleule ambao daraja la Matadi, lililojengwa na wenzao kwenye Mto Kongo, lilifunguliwa. Daraja linaonekana hadi leo na kila Mkongo analijua. Musoshi hukumbukwa zaidi na familia, kwa kuwa baadhi ya wafanyakazi wale waliacha watoto ambao sasa ni watu wazima.

Miongoni mwa miji inayopokea wanafunzi wa madini ni Akita, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, ambako chuo cha uchimbaji kilianzishwa mwaka 1910 na ambako Chuo Kikuu cha Akita kilifungua kitivo cha sayansi ya rasilimali mwaka 2014. Ajabu ni kwamba kitivo hicho kimezaliwa katika mkoa ambao migodi yake mikubwa imekwisha kufa. Osarizawa, uliochimbwa shaba kwa karne nyingi, ulifungwa mwaka 1978, na uchimbaji wa Kosaka ukakoma mwaka 1990. Mwanafunzi aliyekulia katika mji ambao mashimo ya migodi yanapakana na mitaa, na ambao katika mtaa wake wa Kasulo watu walianza mwaka 2014 kuchimba kobalti chini ya sakafu za nyumba zao, huonyeshwa mgodi kama mahali pa utalii, penye tiketi, taa na sanamu za wachimbaji.

Siku yake huzunguka kenkyushitsu, neno linalotafsiriwa maabara lakini ambalo kwa hakika ni kama ukoo mdogo wa wanafunzi walio chini ya profesa mmoja, wenye meza za kudumu, birika la pamoja na zamu za usafi. Profesa ni sensei. Aliyetangulia kuingia ni senpai hata akiwa mdogo kwa umri, na aliyefuata ni kohai. Mwana wa Katanga, aliyelelewa kumheshimu kaka mkubwa, huielewa ngazi hiyo upesi kuliko Mzungu, ila humchukua muda kuzoea kwamba senpai anaweza kukaa maabarani hadi usiku bila kazi ya maana, kwa kuwa sensei bado hajaondoka.

Kuhusu makaratasi inatosha kusema kwamba kila mgeni hubeba kadi ya ukaazi, huandikisha anwani yake katika ofisi ya mji ndani ya siku 14 baada ya kuhamia, hujiunga na bima ya afya ambayo kwa kawaida humwachia alipe asilimia 30 ya matibabu, na, akipewa kibali, huruhusiwa kufanya kibarua kisichozidi saa 28 kwa wiki. Chakula ni suala zito zaidi. Wali wa Kijapani hunata na hushibisha, lakini si bukari, yaani ugali kama unavyoitwa Katanga, na unga wa mahindi meupe haupatikani katika duka la kawaida, bali huagizwa kutoka maduka ya vyakula vya Kiafrika, ambayo pia huuza sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakiwa yamegandishwa. Kitoweo, kwa bahati, kipo karibu: niboshi, dagaa wakavu ambao Wajapani huchemsha ili kupata mchuzi kisha mara nyingi huwatoa, huuzwa kila mahali, na wakikaangwa kwa nyanya na vitunguu hushuka na bukari bila kulalamikiwa na yeyote, isipokuwa pengine jirani wa bwenini kwa ajili ya harufu.

Hata hivyo somo kubwa la kila siku limo katika taka. Takataka za nyumbani hugawanywa katika makundi, na kila kundi lina siku yake: zinazoungua, plastiki, makopo na chupa, na zisizoungua. Chupa ya plastiki huvuliwa kifuniko na karatasi yake, husuuzwa, hukanyagwa ikawa bapa, kisha huwekwa asubuhi mahali palipopangwa, chini ya wavu unaowazuia kunguru. Mfuko uliochanganywa huachwa palepale ukiwa umebandikwa karatasi ya onyo, na mtaa mzima hujua ni wa nani.

Simu mbovu haiingii katika mfuko wowote kati ya hiyo, kwanza kwa sababu betri yake huweza kuwasha moto ndani ya gari la taka, na pili kwa sababu ni mali. Katika miaka ya 1980 Profesa Nanjo Michio wa Chuo Kikuu cha Tohoku alitumia neno toshi kozan, mgodi wa mjini, kueleza kwamba metali iliyomo katika vifaa vilivyotupwa ni hazina inayoweza kuchimbwa upya. Sheria ya kukusanya vifaa vidogo vya umeme ilianza kutumika mwaka 2013, na kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo Wajapani walichanga tani 78,985 za vifaa, zikiwemo simu milioni 6.21, ambazo metali yake ilitengeneza medali takriban 5,000. Kosaka yenyewe, ambayo mgodi wake umefungwa, haikuzima tanuru: leo huyeyusha mabaki ya kompyuta na simu ili kutoa dhahabu, fedha na shaba.

Kwa mtu wa Lualaba jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa betri ya ioni za lithiamu iliingia sokoni kwanza kupitia kampuni ya Sony mwaka 1991, kutokana na kazi ya watafiti akiwemo Yoshino Akira, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2019, na betri hiyo ya mwanzo ilihitaji kobalti, madini ambayo leo zaidi ya nusu ya yale yanayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa ukanda wa Kolwezi. Wachimbaji wadogo, wanaoitwa mjini kwa Kifaransa creuseurs, huosha na kuchambua mawe hayo kwa mkono. Kule Akita uchambuzi wa mkono hufanywa mwishoni mwa safari, na mwenye nyumba, jikoni kwake, bila malipo. Kolwezi iko nyuma ya Japani kwa saa saba, hivyo mwanafunzi anapoweka mfuko wake chini ya wavu saa mbili asubuhi, kwao ni saa saba za usiku, na malori ya shaba na kobalti yamelala foleni Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, yakisubiri kuvuka.