Koki tengeneza mwenyewe, meni swichi mwachie fundi: mwongozo kwa wakazi wa Tunduma

Koki ikivuja, soketi ikitoa cheche au bati likianza kupitisha maji, kaya nyingi za Tunduma hujiuliza swali lile lile: aitwe fundi, au mtu ajitengenezee mwenyewe? Mara nyingi mfuko ndio unaoamua. Hela ya fundi inaonekana kubwa, kazi inaonekana ndogo, na kwenye simu kuna video inayoonyesha kila kitu kwa dakika tano.

Tatizo ni kwamba video haionyeshi kilichomo ndani ya ukuta wa nyumba husika. Tunduma ni mji wa mpakani wenye nyumba nyingi za kupanga. Nyumba huanza na vyumba viwili, kinaongezwa cha tatu, halafu fremu ya duka mbele. Kila hatua ina fundi wake, na kila fundi ameunga waya na mabomba kwa namna yake.

Kabla ya kushika bisibisi, kuna kipimo rahisi.

Swali la kujiuliza kwanza

Swali ni hili: nikikosea, nini kitatokea?

Kama kosa litamwaga ndoo ya maji au kuharibu kitasa, jaribu. Kama kosa linaweza kuunguza, kupiga shoti, kuangusha mtu au kubomoa ukuta, ita fundi. Na kama kosa linaweza kujificha miezi kadhaa bila mtu kuliona, ita fundi pia, hata kama kazi yenyewe inaonekana ndogo.

Kazi ambazo hazihitaji fundi

Koki inayodondosha ni mfano mzuri. Tone moja kila sekunde ni takribani lita 20 kwa siku, yaani ndoo kubwa nzima inapotea. Mara nyingi kilichochakaa ni kile kimpira cha ndani. Funga koki kuu ya nyumba, fungua bomba lililobaki maji yaishe, fungua koki kwa spana, badilisha kimpira na urudishie. Bomba likivuja kwenye maungio, tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye nyuzi za bomba inatosha.

Sinki lililoziba nalo halihitaji mtu wa kulipwa. Weka ndoo chini, fungua ile kona ya bomba iliyo chini ya sinki, toa mafuta na mabaki, funga. Kubadilisha globu huku swichi ikiwa imezimwa, kukaza bawaba, kupaka rangi na kuziba ufa mwembamba wa lipu ni kazi za mwenye nyumba.

Ila kuna mpaka. Ukitengeneza mara mbili na tatizo likarudi, chanzo kipo mahali pengine. Ukuta unaoloa wakati hakuna bomba linaloonekana, au mita ya maji inayozunguka wakati koki zote zimefungwa, ni dalili ya bomba lililopasuka ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Hapo fundi bomba aje.

Umeme: kazi ya mwenye leseni

Wengi hawajui mpaka wa TANESCO uko wapi. Nguzo, waya unaoingia nyumbani na mita ya LUKU ni vya shirika. Kuanzia mita kwenda ndani, yaani meni swichi, waya, soketi na taa, ni jukumu la mwenye nyumba. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kugusa upande wa TANESCO, na upande wake mwenyewe unatakiwa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Leseni hizo zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi, na hata anayeomba kuunganishiwa umeme kwa mara ya kwanza anatakiwa nyumba yake iwe imefanyiwa wayaringi na fundi mwenye leseni.

Sababu yake inaonekana kwenye hesabu. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikichomekwa kwenye ekstensheni moja, ni wati 3,200. Gawanya kwa 230, unapata karibu ampia 14. Fyuzi kubwa ya plagi ya pini tatu ni ampia 13, na waya mwembamba wa ekstensheni nyingi hauwezi hata hizo. Waya unapata moto taratibu, plastiki inalainika, na siku moja inawaka usiku watu wamelala.

Ndiyo maana kufunga kipande cha waya badala ya fyuzi iliyoungua ni hatari kuliko kukaa gizani. Fyuzi imeungua kwa sababu imefanya kazi yake. Waya uliowekwa badala yake hautaungua. Kitakachoungua ni nyumba.

Wakazi wa Tunduma wana jambo jingine la kuangalia. Umeme wa Zambia nao ni volti 230, kwa hiyo kifaa kilichonunuliwa Nakonde kitawaka kikichomekwa upande huu. Lakini kuwaka tu hakuthibitishi ubora. Waya mwepesi kuliko kawaida, soketi inayolegea plagi ikiingia na swichi isiyo na jina la kiwanda ni vya kuogopa, viwe vimetoka upande wowote wa mpaka.

Dalili hizi zinatosha kuzima meni swichi na kuita fundi siku hiyo hiyo:

- soketi au swichi yenye joto, weusi au harufu ya plastiki kuungua
- sakiti breka inayojizima kila ikirudishwa
- taa zinazofifia kila friji au pasi ikiwashwa
- shoti ndogo ukigusa bomba, ukuta uliolowa, friji au bati

Hiyo ya mwisho wengi huizoea. "Inatekenya tu," wanasema. Mtekenyo huo una maana kwamba umeme unavuja, na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, haupo au umekatika. Siku mtu atakayegusa akiwa na mikono iliyolowa na miguu pekupeku, hautakuwa mtekenyo.

Mtu akinaswa na umeme, asishikwe. Zima meni swichi kwanza, na kama haifikiki, msukume kwa mti mkavu. Kama ni waya wa nguzo uliokatika, kaa mbali, zuia watoto na piga simu TANESCO.

Gesi: harufu ni kengele

Mitungi ya gesi inaongezeka majumbani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ulioanza mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034.

Kubadilisha mtungi na kuangalia kama unavuja ni kazi ya nyumbani. Paka povu la sabuni kwenye regulata na kwenye maungio ya mpira. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Usitumie kiberiti kuangalia, hata kwa sekunde moja.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni. Ukisikia harufu, funga regulata, fungua milango na madirisha, toa mtungi nje, na usiwashe wala kuzima taa, kwa sababu cheche ndogo ya swichi inatosha. Mpira uliopasuka hauungwi kwa solotepu, unabadilishwa. Valvu ya mtungi wenyewe ikivuja, rudisha mtungi kwa wakala. Moto ukianza, namba ya Zimamoto ni 114.

Paa: panda kabla ya Novemba

Songwe ina msimu mmoja mrefu wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili. Mvua ya kwanza ndiyo inayoonyesha bati lililotoboka, na hapo ndipo watu hupanda juu ya bati lililolowa. Ni wakati mbaya kuliko yote. Bati linateleza, upepo unavuma, radi zinapiga, na waya wa umeme unaoingia nyumbani mara nyingi unapita hapo hapo.

Kupanda ngazi nyumba ya kawaida na kusafisha mfereji wa maji siku kavu, mtu mwingine akishika ngazi, kunawezekana. Kubadilisha bati, kugusa kenchi au kupanda paa refu ni kazi ya fundi paa. Fundi anajua kukanyaga juu ya msumari ulipo, ambako chini kuna ubao. Asiyejua anakanyaga katikati, bati linabonyea na yeye anateleza.

Silingi bodi ikianza kushuka baada ya mvua, usiitoboe huku taa ikining'inia hapo. Zima umeme kwanza.

Shimo la choo na kisima: mtu asiingie

Hii haina mjadala. Shimo la choo, karo la majitaka na kisima kirefu vinaweza kuwa na hewa yenye sumu au isiyo na oksijeni. Mtu anaishiwa nguvu kabla hajapiga kelele. Kibaya zaidi, anayeingia kumwokoa naye huanguka. Simu ikidumbukia chooni, iache. Shimo likijaa, liitwe gari la majitaka. Kisima kikihitaji kuchimbuliwa, waje wenye vifaa na kamba, na mtu akiwa tayari ameanguka ndani, piga 114 badala ya kumfuata.

Ufa: upi wa kuziba, upi wa kuogopa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuna ufa ambao ukizibwa unafichwa tu.

Njia ya kuutambua haigharimu kitu. Weka alama ya penseli pale ufa unapoishia, andika tarehe, na upige picha kwa simu. Rudi baada ya mwezi. Kama haujasogea na ni mwembamba kama unywele, ni lipu, ziba. Kama umevuka alama, au unapanda mshazari kutoka kona ya dirisha, au sarafu inaingia, au mlango umeanza kugoma kufunga, msingi unatembea. Hapo aje fundi mwashi mzoefu, na kwa nyumba kubwa au ya ghorofa, mhandisi.

Kuvunja ukuta ili kupanua sebule au fremu ya duka ni suala la aina hiyo hiyo. Ukuta unaweza kuwa ndio unaobeba kenchi. Kuongeza chumba mjini kunahitaji pia kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na ni vizuri kuuliza kabla ya kununua tofali.

Fundi gani sasa?

Kuita fundi hakusaidii kama aliyekuja ni kishoka, yaani anayejifanya mtu wa TANESCO au fundi mwenye leseni huku hana chochote. Mtu wa TANESCO ana kitambulisho, na malipo ya shirika hayalipwi mkononi wala kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Akikutilia haraka, piga simu ofisini kwao kuuliza.

Kwa fundi umeme, omba aonyeshe leseni ya EWURA, angalia jina na tarehe ya kuisha. Kwa mwashi, fundi bomba au seremala, cheti cha VETA ni hatua nzuri. Wapo pia mafundi wazuri waliojifunzia mtaani bila kupita chuo, na VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti. Asiye na cheti aonyeshe nyumba mbili alizofanya, na mwenye nyumba aulizwe: baada ya mwaka, kazi bado iko sawa?

Kisha haya manne:

- Mkubaliane kazi, bei na siku ya kumaliza kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu
- Nunua vifaa mwenyewe au pamoja na fundi, na udai risiti
- Lipa kwa awamu, sehemu ya mwisho ibaki mpaka kazi ijaribiwe
- Piga picha waya na mabomba kabla hayajafunikwa na lipu

Picha hizo zitakuwa ramani ya fundi atakayekuja miaka mitano baadaye.

Kwa mpangaji

Mpangaji akiona soketi imeungua, asiishie kumwambia mwenye nyumba kwa mdomo. Amtumie picha na ujumbe wenye tarehe. Kama mkataba hausemi nani anatengeneza nini, waandikiane, na mkitofautiana, ofisi ya mtaa ipo. Mpangaji anayejiungia waya kimya kimya kuepusha maneno anahatarisha vyumba vyote vya nyumba hiyo, na siku ya moto lawama itakuwa yake.

Kupunguza gharama

Fundi akija kwa kazi moja, muda na nauli yake viko kwenye bei. Andika kila kitu kinachosumbua nyumbani, kisha umwite siku moja amalize vyote. Kazi za paa na mifereji zifanyike Septemba au Oktoba, kabla mvua haijafanya kila mtu amtafute fundi yule yule. Majirani watatu wakikubaliana kukaguliwa wayaringi siku moja, wana nafasi ya kupatana bei nzuri.

Na kwa jioni ya leo kuna kazi moja isiyohitaji fundi wala hela: onyesha kila mtu nyumbani, watoto wakubwa na dada wa kazi wakiwemo, meni swichi ilipo, koki kuu ilipo, na namna ya kuzifunga.