Shahawa Zikibadilika Rangi, Usianze kwa Kumlaumu Mke

Mfanyabiashara wa mifugo mjini Isiolo anaamka asubuhi na kuona doa la rangi ya kutu kwenye kikoi chake. Hana maumivu, wala hajaumia popote. Jambo la kwanza linalomjia akilini si ugonjwa bali ni shaka: mke huyu amenipa nini? Naye mke, akiwa ndiye aliyeliona doa kwanza, humwuliza alilala kwa nani safari ile ya Moyale. Wawili hao hununiana mwezi mzima, ilhali huenda kisa chenyewe kilianzia katika kibuyu cha maziwa.

Huo ni mfano tu, lakini msomaji anayeujua mji huo hatauona mgeni.

Shahawa za mtu mzima mwenye afya huwa nyeupe zenye ukijivu kidogo. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya majimaji hayo. Mengi hutoka katika vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu na katika tezi kibofu, ile ambayo wengine huiita tezi dume. Kwa hivyo rangi ikibadilika, mara nyingi chanzo kiko huko ndani na si katika korodani. Umanjano hafifu usikutishe. Huonekana kwa mwanamume aliyekaa siku nyingi bila tendo la ndoa, kama dereva wa lori aliyekuwa safarini majuma mawili, na huongezeka kadiri umri unavyosonga. Matone ya mkojo yaliyobaki njiani pia huleta rangi hiyo.

Rangi inayowatia watu hofu zaidi ni nyekundu. Damu mbichi huonekana nyekundu au waridi, na iliyokaa ndani siku kadhaa hugeuka kahawia kama chai ya rangi. Ajabu ni kwamba hofu hii mara nyingi huzidi ugonjwa wenyewe. Kwa mwanamume aliye chini ya miaka 40, damu ikitokea mara moja au mbili bila dalili nyingine, kwa kawaida hukoma yenyewe. Huenda ni mshipa mdogo uliopasuka au uvimbe mdogo wa ndani. Aliyekatwa kinyama cha tezi kibofu ili kipimwe anaweza kuiona kwa majuma kadhaa, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda nao huiona.

Kabla ya ugomvi, kuna jaribio rahisi: tumieni kondomu, kisha mtazame yaliyomo. Damu ikiwa ndani ya kondomu, imetoka kwa mume. Ikiwa nje, mke ndiye anayehitaji kuonwa na daktari.

Umanjano mzito au ukijani wenye harufu mbaya ni habari nyingine. Hiyo mara nyingi ni dalili ya usaha. Ukiambatana na maumivu wakati wa kukojoa au uchafu unaotoka kwenye uume, kisonono ni mojawapo ya magonjwa yanayoshukiwa, na hapo mume na mke hutibiwa pamoja. Kununua vidonge viwili vitatu katika duka la dawa na kuvimeza kwa siri ni kuwafundisha viini kuishinda dawa.

Sasa turudi kwenye kibuyu. Isiolo ni mji wa ngamia, na maziwa yao hukusanywa na akina mama na kusafirishwa kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Wengi huyanywa bila kuyachemsha. Maziwa mabichi ya ngamia, mbuzi au ng'ombe yanaweza kuwa na viini vya brusela, na anayemzalisha mnyama kwa mikono mitupu huweza kuvipata pia. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, mgongo na viungo huuma. Wengi hutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Kwa baadhi ya wanaume viini hivyo huingia kwenye korodani na tezi kibofu, korodani moja huvimba, na mara nyingine damu huonekana katika shahawa. Ugonjwa huu haukuletwa na zinaa, bali na mlo. Matibabu huchukua angalau majuma 6, na anayeacha dawa homa inapopungua hurudi hospitalini.

Safari nazo zisemwe. Aliyeoga au kuvuka maji kwa miguu huko Tana River au Kwale huenda alipata kichocho. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya kibofu na sehemu jirani, na huleta damu katika mkojo na hata katika shahawa.

Dawa pia hubadilisha rangi. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu na wakati mwingine brusela, hugeuza mkojo, jasho, machozi na shahawa kuwa na rangi ya chungwa. Haina madhara, lakini wapo wanaoacha dawa ya kifua kikuu kwa kuogopa rangi hiyo, na hapo ndipo hatari ilipo.

Na miraa? Watafunaji wengine hulalamika kwamba shahawa huvuja bila wao kutaka. Jambo hilo linajulikana, lakini halibadilishi rangi, na lisitumiwe kueleza damu.

Mwenye umri wa miaka 40 au zaidi asisubiri hata kidogo, kwani saratani ya tezi kibofu ni miongoni mwa zinazowapata zaidi wanaume wa Kenya. Kijana naye aende ikiwa damu inarudi rudi, au iko kwenye mkojo pia, au ana homa, au mkojo hautoki vizuri. Korodani ikiuma ghafla na kwa ukali, hilo ni la saa, si la siku: huenda imejipinda, na ikichelewa hufa.

Hospitalini atapimwa mkojo, damu na shinikizo la damu. Huenda daktari akaipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, jambo linalowakimbiza wanaume wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Halizidi dakika moja. Mwambie umri wako, dawa unazomeza, ulikosafiri, na maziwa unayokunywa. Usipoyataja maziwa, huenda hata yeye asiulize.

Wanywaji husema yakichemshwa hupoteza utamu. Ni kweli ladha hubadilika kidogo. Yachemke mpaka yafure, kisha yapoe.