Simu Ikilala, Nani Anabaki Macho?

Nilipokuwa BTP kwenye sekondari moja upande wa Oldonyo Sambu, nyuma ya Mlima Meru, umeme ulikatika siku mbili. Simu ilibaki na asilimia 14. Kwa ujanja wangu wa kubana chaji, usiku ule niliingia kwenye mipangilio nikailazimisha WhatsApp isimame kabisa, kama nilivyozoea kufanya kila nikitaka kulala. Asubuhi sikuifungua. Kipindi cha pili, Kidato cha Pili B, naona gari la chuo linapaki chini ya mgrevilea, mkaguzi wangu anashuka. Andalio la somo lilikuwa nusu ukurasa. Mchana nilipofungua WhatsApp, ujumbe wake ukaingia: alikuwa ameutuma saa 3 usiku kuniarifu anakuja.

Nililaumu mtandao, nikalaumu mlima. Baadaye, kwa hasira ya maksi zile, nikaanza kusoma simu inavyolala na inavyoamka. Mimi ni mtu wa ualimu, Historia na Kiswahili, kwa hiyo wenzetu wa kompyuta wanivumilie.

Ndani ya simu yoyote ya Android kuna kerneli ya Linux. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi, yaani programu inayokaa kati ya vifaa (prosesa, kumbukumbu, redio, skrini) na programu tunazozigusa kwa kidole. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo huko Helsinki, ana miaka 21. Kazi mojawapo ya kerneli ni kuamua nani apate umeme na nani alale.

Kuna usingizi wa aina mbili. Wa kwanza ni kusinzia. Hata sasa ukisoma desa kwenye simu, prosesa haifanyi kazi muda wote. Ukishatulia kwenye ukurasa inasinzia kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ukigusa inaamka. Zamani kusinzia huku kulikuwa kwa shida, kwa sababu kerneli ilikuwa na kengele yake iliyogonga mara 100, 250 au hata 1,000 kila sekunde, kuwe na kazi kusiwe na kazi. Hebu fikiria kulala kwenye chumba cha hivyo. Kuanzia mwaka 2007 Linux ikajifunza kuinyamazisha kengele pale ambapo hakuna cha kufanya, na kuiwekea muda wa kulia pale tu kazi inayofuata itakapofika.

Wa pili ndio usingizi wenyewe, na hapa waliosoma bweni wataelewa haraka. Saa 4 usiku metroni anapita. Kwanza anawalaza wanafunzi: kerneli inazigandisha programu zote pale zilipo. Kisha anazima taa chumba kwa chumba, yaani vifaa vinalazwa kimoja kimoja. Halafu anawaruhusu viranja nao wakalale, nao ni viini vingine vya prosesa, mpaka kinabaki kimoja, ambacho nacho kinalala mwisho. Kumbukumbu ya RAM inaachiwa umeme kidogo tu wa kushikilia ilichonacho, ndiyo maana ukiwasha skrini unakuta kila kitu ulipokiacha. Wanaobaki macho ni walinzi wa getini: saa ya ndani inayojua alamu yako ya saa 11 alfajiri, kitufe cha kuwashia, na modemu ya simu, ambayo ina prosesa yake na huamka mara kwa mara kusikiliza kama mnara unaiita.

Tofauti yake si ndogo. Tuchukue mfano wa hesabu tu: betri ya mAh 5,000, simu iliyolala ikitumia mA 10, itakaa saa 500. Simu hiyohiyo ikiwa macho na skrini imezimwa, ikitumia mA 100, inakaa saa 50. Kwa macho yako zote mbili ni kioo cheusi mezani. Skrini kuzimika si kulala.

Sasa ugumu uko hapa, na ndio ulionivutia kuliko yote. Itakuwaje mgeni akigonga geti wakati metroni yuko katikati ya kuzima taa? Mlinzi amesikia, lakini aliyetakiwa kupokea taarifa keshalazwa. Simu inalala na ujumbe mkononi. Suluhisho lililoingia Linux mwaka 2010 ni la daftari. Kila tukio la kuamsha linahesabiwa. Anayetaka kuilaza simu anasoma kwanza idadi, tuseme 41, kisha anairudisha kwa kerneli: "nilipoangalia ilikuwa 41". Kama kwenye daftari sasa ni 42, kerneli inakataa, safari ya kulala inavunjwa, mgeni anashughulikiwa kwanza. Ni kuhesabu tu, lakini bila hivyo kuna ujumbe ungekuwa unachelewa na hakuna mtu angejua kwa nini.

Watu wa Android walikuwa na njia yao. Kwao simu inalala wakati wowote isipokuwa kuna programu iliyoshika kizuizi cha usingizi, wenyewe wanakiita wekiloki. Programu ya muziki inashika kizuizi, ikimaliza inaachia. Mwaka 2009 na 2010 waliuleta mpango huo kwa wasimamizi wa Linux na ukazuka ubishi mrefu, kwa hoja kwamba programu moja mbovu ikisahau kuachia, simu nzima inakesha. Hoja ilikuwa ya kweli, na dawa kamili haikupatikana. Mwaka 2012 Linux ikapokea utaratibu wake unaofanana na ule. Lakini waliosahau kuachia waliendelea kusahau, mpaka Android 6 ya mwaka 2015 ikaja na Doze: simu ikiwa haijachomekwa chaji, imetulia sehemu moja na skrini imezimwa kwa muda, mfumo unavipuuza vizuizi na kuzifungulia programu kwa vipindi vifupi tu. Toleo la mwaka 2016 likaongeza usingizi mwepesi hata simu ikiwa mfukoni ndani ya daladala ya Ngaramtoni.

Kwa hiyo Doze ndiyo iliyonificha ujumbe? Hapana. Ujumbe wa haraka una ruhusa ya kupenya Doze. Ila programu uliyoilazimisha isimame haiamshwi na ujumbe mpaka uifungue mwenyewe kwa mkono. Mimi ndiye niliyemtoa mwanafunzi nje ya geti, halafu nikalalamika hajaitika jina. Mkaguzi angepiga simu ya kawaida au kutuma SMS, ingenifikia vizuri.

Na ule usiku chaji ilikuwa inakwenda wapi? Nadhani mlima una sehemu yake. Mahali ambapo mnara uko mbali au umekingwa na mwinuko, redio inatumia nguvu zaidi kuufikia, na mtandao ukipotea inatafuta tena na tena. Pale nilipopanga ilikuwa vijiti viwili, kimoja, hakuna, kimoja. Usiku wa namna hiyo, kama unasubiri simu muhimu, zima data na uache laini ya kawaida. Kama husubiri, weka hali ya ndegeni, alamu italia tu.

Siku hizi ninachoangalia ni ukurasa wa betri kwenye mipangilio, ule unaoonyesha kila programu imekula kiasi gani. Wiki iliyopita nilikuta ya juu kabisa ni mchezo wa karata ambao dada yangu aliuweka Desemba, na ambao sijawahi kuufungua. Nimeufuta. WhatsApp nimeiacha ilale na kuamka yenyewe.