Sindano za misuli na mbegu za kiume
Unatafuta mtoto huku unachoma sindano za testosteroni ili ujenge misuli? Anayekuuzia hatakuambia hili. Homoni hiyo ikizidi kwenye damu, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huona inatosha, hivyo huacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Testosteroni ndani ya korodani hushuka, na seli zinazolea mbegu hukosa kichocheo. Kifua kinatuna, korodani zinasinyaa, mbegu hupungua hata kuisha kabisa. Ukiacha, mara nyingi hurudi, ila kwa miezi, maana mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa. Wengine husubiri zaidi ya mwaka. Kama uliandikiwa na daktari, usiache kabla ya kumwona. Mwombe pia kipimo cha manii; asipimwe mkeo peke yake.