Kigari cha Chuma Mbele ya Mizani

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa mtaa wa Jericho, alinijia na swali lisilokuwamo katika silabasi yoyote ya isimu. Nyumbani kwa nyanya yake kulikuwa na kigari cha chuma, cha kukanyagwa na mtoto, kilichoshika kutu. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikwisha kuleta mizani. "Mwalimu," akauliza, "tumpe?"

Nilimwambia akisome kwanza. Kigari mashuhuri kuliko vyote vya aina hii ni Austin J40, kilichoundwa Bargoed, nchini Wales, tangu 1949 hadi 1971. Kiwanda hicho kilijengwa ili kuwapa kazi wachimba makaa ya mawe ambao vumbi la machimboni liliwaharibu mapafu. Walitoa vigari zaidi ya 32,000, wakitumia mabaki ya mabati ya magari halisi. Alama zake si ngumu: boneti hufunguka na ndani mna injini ya bandia, buti nayo hufunguka, taa na honi hutumia betri, magurudumu yana tairi za kujazwa upepo. Kilicho kizima hununuliwa Uingereza kwa maelfu ya pauni. Kwa hiyo nilimwonya asikipige msasa wala kukipaka rangi; rangi ya awali, hata ikiwa imebanduka, ni ushahidi.

Alirudi baada ya wiki moja, kanyong'onyea. Boneti haikufunguka. Wala hapakuwa na nambari. Sakafu ilikuwa debe la mafuta ya kupikia lililokunjuliwa, maandishi yake yakisomeka kwa chini, na kingo zilikunjwa na kugongwa kama zile za masanduku ya bati ambayo wanafunzi wetu huenda nayo shule za bweni. Naam, huo ni mkono wa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, mwendo mfupi tu kutoka kwao.

Sokoni, basi, bei yake ni ya kilo. (Neno "bei" lenyewe tulilitwaa kwa Waarabu, kwao likimaanisha kuuza.) Lakini vya Bargoed vimehesabiwa na kuandikiwa historia, hiki huenda kilitengenezwa kimoja tu, na aliyekifua hajulikani.

Nyanya amemfukuza mwenye mizani. Anakumbuka kwamba fundi alikuwa na karakana upande wa Shauri Moyo na alichechemea, jina limempotea. Msomaji uliyekulia huko, au mwalimu mwenye wanafunzi wa kutumwa kuwahoji wazee, tuandikie.